Ng'ombe Asiye na Mwenyewe

Asubuhi askari wa kanjo, yaani wa serikali ya jiji, walipomchukua ng'ombe Chelel, Jeruto alikuwa ndani akimwogesha mumewe. Kitambaa kilikuwa na sabuni, amefika mgongoni, aliposikia lango la mabati likigongwa kwa rungu. Mtu mwenye mgonjwa mikononi haachi tu akakimbia. Wilson alikuwa mzito, upande wake wa kulia haukuwa na nguvu tangu kiharusi kimpige, na angeachwa peke yake kwenye beseni angeanguka. Jeruto akamsuuza haraka haraka, akamfunika shuka, akamlaza. Alipotoka nje ng'ombe alikuwa amekwisha kupandishwa nusu kwenye lori, wanaume wanamsukuma kwa nyuma na mmoja anamvuta kwa kamba.

Ndama walimwacha. Alikuwa amekimbilia nyuma ya choo kwenye tope, na hakuna aliyetaka kuchafua viatu kwa ajili ya ndama mchanga. Kwenye ghorofa la jirani wapangaji walisimama barazani na simu zao, wanapiga picha. Jeruto aliuliza kama wanaweza kumngojea avae viatu. Dereva akawasha gari.

Ploti ile ya Munyaka Wilson aliinunua zamani, wakati huo pande zote ni mahindi. Kisha mji ukaja na maghorofa yake, ukapewa jina la jiji, na jina likaja na masharti. Ng'ombe, mbuzi na nguruwe wasiwekwe kwenye ploti ya makazi bila kibali, na kibali hakitolewi kwa ploti ndogo kama ile. Wafugaji walipewa muda wa kuondoa mifugo. Gari la vipaza sauti lilipita mtaani likitangaza, na Jeruto alisikia vizuri kabisa. Asije mtu akasema hakusikia.

Shida ni kwamba Chelel hakuwa wake. Kwao, mwenye ng'ombe wengi humwekea rafiki ng'ombe mmoja. Aliyewekewa humlisha, humkama, hunywa maziwa na kuuza yanayobaki. Ndama ni wa mwenyewe. Miaka ikipita, mwenyewe akiridhika na utunzaji, humpa mlezi mtamba mmoja, na hapo nyumba ile huwa imepata ng'ombe wa kwake. Mzee Kiptoo wa Ainabkoi, aliyetahiriwa rika moja na Wilson, alimleta Chelel mwaka ule Wilson alipopooza. Nyumba ikaendeshwa na maziwa. Na sasa Chelel alikuwa amezaa ndama jike, na Kiptoo alikuwa amesema kwenye simu kwamba atakuja waongee habari ya ndama huyo. Jeruto alijua maana ya maneno hayo. Alishaongea na kakake wa Plateau amtengee mahali zizini, kwa sababu sheria ya jiji haifiki huko.

Na ng'ombe aliyewekwa harudishwi na aliyewekewa, wala hahamishiwi zizi la mtu mwingine. Mwenyewe ndiye huja kumtoa. Kumfunga kamba ukampeleka hadi kwake ni kumwambia umechoka na urafiki wake. Kwa hiyo tangazo lilipopita, Jeruto alimpigia Kiptoo simu aje amchukue. Kiptoo akasema njia ina matope, angoje viazi vitoke shambani. Alipopiga tena, akaambiwa sawa, sawa. Utasema angempeleka tu, lawama baadaye. Utasema hivyo wewe ambaye hukulelewa kwao.

*

Uwanja ambako mifugo waliokamatwa walifungiwa ulikuwa nyuma ya ofisi, umezungushiwa waya. Mbuzi walikuwa wengi, ng'ombe wachache, na harufu ilikuwa ya mahali pasipofagiliwa. Ofisa aliyekuwa kaunta alikuwa kijana anayeitwa Dennis. Alimsalimia Jeruto kwa Kikalenjin, na Jeruto akapumua kidogo, akidhani amefika kwa mtu wa kwao.

"Hiyo ng'ombe nyeupe ni yako, Mama?"

"Hapana, si yangu. Ni ya Mzee Kiptoo wa Ainabkoi. Iliwekwa kwetu."

Dennis akaweka kalamu chini. Kulikuwa na watu nyuma wanaongoja zamu.

"Nikuulize tena, Mama, na ufikirie. Hiyo ng'ombe ni yako?"

Kila mtu kwenye foleni alielewa anachoulizwa. Hata Jeruto alielewa, na ndicho kilichomuudhi. Kijana huyu, mtoto wa watu wanaojua, alikuwa anamfundisha kuiba mbele ya watu. Akajibu kwa sauti ya juu kuliko alivyotaka kwamba yeye hajawahi kuita mali ya mtu yake, na hataanza leo. Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Basi wewe huna kazi hapa," Dennis akasema. "Mwenyewe akuje. Asipokuja, Ijumaa iko mnada."

"Kijana wangu, wewe unajua vile hii mambo huwa."

"Najua. Hata sisi nyumbani tulikunywa maziwa ya ng'ombe ya kuwekwa. Lakini sheria haijui hiyo kitu, na mimi ni sheria imeniandika kazi."

Jeruto akaomba basi amkame. Kiwele kilikuwa kimejaa tangu asubuhi, na Chelel alikuwa amesimama ametanua miguu ya nyuma kwa maumivu. Alikuwa amekuja na kibuyu cha plastiki, akifikiria ndama aliyeachwa nyumbani. Dennis akasema kukama anaweza, lakini kitu kikishaingia uwanjani hakitoki bila risiti, na risiti huandikiwa mwenyewe. Jeruto akauliza sasa akamie wapi.

"Mwaga," Dennis akasema, na akamwita anayefuata.

Akachuchumaa, akamwaga. Alikama chini, kwenye tope lililochanganyika na mavi ya mbuzi, yeye ambaye tangu utotoni aliona mama yake akiokota hata tone lililoanguka kwenye nyasi. Maziwa yalitengeneza dimbwi, yakaanza kutiririka kuelekea waya. Alilia, na hakujificha. Askari mmoja mzee akaja na kikombe chake cha chai, akakikinga chini ya chuchu mpaka kikajaa, akasema kwa heshima, "Asante, Mama." Hicho hakikuhitaji risiti.

*

Jioni ndama alilia bila kukoma. Cynthia, binti yao, aliporudi kutoka dukani anakouza vitabu, alisikiliza habari yote amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Mum, si ungesema tu ni yako? Wangekupiga faini, tulipe pole pole, iishe."

Jeruto akamuuliza angemwambia nini Kiptoo siku atakapokuja. Kwamba alimfanya ng'ombe wake kuwa wa nyumba hii kwa neno moja la kaunta? Cynthia akasema Kiptoo angefurahi kupata ng'ombe hai, hiyo mambo ingine ni ya watu wa kitambo. Wakaanza kupandishiana sauti, mpaka Wilson akagonga ukuta kwa mkono wake mzima. Maneno yake yalitoka moja moja tangu augue, na ilibidi mtu amngoje.

"Mama yako amesema ukweli," alisema. "Kiptoo atakuja. Mimi na Kiptoo tulilalia ngozi moja jandoni. Hawezi kuacha sisi tuaibike."

Alisema hivyo macho yake yametulia kabisa. Cynthia akatoka nje bila kumjibu, kwa kuwa babake alikuwa amebakiwa na vitu vichache vya kujivunia, na hicho ni kimoja.

Najma alibisha hodi giza lilipoanza. Huyu alikuwa mpangaji wa ghorofa la jirani, mke wa mtu wa malori aliyeshinda njiani, na kila jioni alituma mtoto kwa Jeruto na jagi. Leo alikuja mwenyewe, amebeba maziwa ya pakiti na chupa ya mtoto yenye chuchu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mama Cynthia, mimi pia niliweka sahihi," akasema. "Caretaker alizunguka na karatasi, akasema ni ya inzi. Mimi nilidhani wataleta dawa ya inzi. Wallahi sikujua ni ya kushtaki ng'ombe yako."

Jeruto alimtazama. Kwa muda wote ule mwanamke huyu alikunywa maziwa ya Chelel, na wanawe, na wageni wake wa Idi. Alitaka kukasirika, lakini hasira haikuwa na mahali pa kukaa, maana Najma alikuwa analia na ndama alikuwa na njaa. Akachukua pakiti zile, akazipasha moto, akatoka kwenda kumnywesha. Ndama alitafuna chuchu ya chupa akaitema, akatafuna akaitema, na mengi yakamwagika kifuani mwake.

*

Kesho yake Jeruto alienda Ainabkoi. Simu ya Kiptoo haikuwa inapatikana, na hata kama ingepatikana, habari ya namna hii huisemi kwenye simu.

Alimkuta ameketi nje kwenye jua, amevaa koti zito na buti za mpira. Alikaribishwa vizuri sana. Aliletewa chai yenye maziwa mengi, akaulizwa habari za Wilson, akaulizwa mvua ya mjini. Alipoeleza kilichomleta, Kiptoo alisema ni vizuri amesema ukweli, mke wa mtu wa rika lake asingefanya vingine. Akainuka kutafuta kofia. Jeruto alijisikia mwepesi. Aliona usiku wote amehangaika bure.

Kevin, mwanawe Kiptoo, ndiye aliyekuwa akiendesha shamba siku hizi. Alisimama kando akichezea funguo za pikapu, hakuwa amemsalimia Jeruto zaidi ya kuinamisha kichwa. Alisema atawapeleka mjini, ila mbele ni viti viwili. Jeruto akapanda nyuma na magunia ya viazi, akajifunika leso kichwani kwa sababu ya upepo. Barabara yote aliona visogo vyao kupitia kioo, Kevin anaongea, anaongea, na mzee anatikisa kichwa. Hakusikia neno.

Walipofika uwanjani, kabla ya kitu kingine, Jeruto alikwenda kwa waya. Chelel alikuwa amelala. Kiwele kilikuwa kimekuwa chekundu na kigumu, na alipokigusa kupitia waya kilikuwa cha moto. Alivuta chuchu moja ikatoa maji yenye mabonge na damu. Alijua ugonjwa huo, na alijua hata akitibiwa sasa, upande ule wa kiwele umekwisha. Akaenda kaunta, akasimama nyuma ya Mzee Kiptoo.

Dennis alikuwa amemtolea mzee kiti. Alimheshimu kwa kila neno, na kwa heshima hiyo hiyo akamweleza jinsi mambo yalivyo. Mwenye ng'ombe atalipia siku alizokaa uwanjani na gari lililomleta. Hiyo ni moja. Pili, kwa kuwa ng'ombe alifugwa ndani ya jiji bila kibali, na tangazo lilitoka, mwenyewe atapelekwa kortini Jumatatu. Hakimu akiamua faini ni faini, akiamua vingine ni vingine.

"Anayeshtakiwa ni mwenyewe?" Kevin akauliza. "Si huyo alikuwa anaiweka?"

"Sheria inasema mwenyewe," Dennis akajibu.

Kevin akainama, akamnong'oneza babake sikioni. Mzee Kiptoo alitazama buti zake. Zilikuwa na tope la Ainabkoi, na alizitazama kwa muda mrefu hata Dennis akaanza kugonga kalamu mezani.

"Hiyo ng'ombe si yangu," Kiptoo akasema. "Nilipatia huyu mama. Kitambo."

"Ulimpatia kabisa, Mzee?"

"Kabisa. Ni yake."

Jeruto alikuwa amengoja maneno hayo kwa miaka. Alikuwa hata ameyapangia siku. Kiptoo angekuja na wazee wawili watatu, yeye angekuwa ameweka mursik, maziwa ya mgando, mapema, Wilson angetolewa nje kwenye kiti akiwa amevaa shati safi, na mbele ya watu Kiptoo angesema ng'ombe huyu sasa ni wa nyumba hii. Leo yamesemwa. Amepewa ng'ombe aliyeharibika, na kesi juu yake, kwenye kaunta ya kanjo, na mtu asiyethubutu kugeuka amwangalie.

Dennis aligeuka polepole. Alijua kabisa nani anasema nini, Jeruto aliliona hilo machoni mwake. Na bado akauliza.

"Mama, jana uliniambia si yako. Leo Mzee anasema ni yako. Sasa kati yenu nani anadanganya ofisi?"

Askari waliokuwa mlangoni wakasogea wasikie. Jeruto alikuwa na jibu, na lilikuwa fupi. Angelisema, mzee wa watu angeitwa mwongo mbele ya mwanawe na mbele ya vijana wa rungu, na habari ingefika Munyaka kabla yeye hajafika, imfikie Wilson kitandani pale. Alimwaza Wilson akigonga ukuta. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, kana kwamba ni yeye aliyetenda.

"Ni yangu," akasema. "Jana nilichanganyikiwa."

"Kwa hivyo ulidanganya."

"Nilidanganya."

Dennis akaandika. Akamsomea jumla ya anachotakiwa kulipa kabla ya Ijumaa, na Jeruto hakuuliza ipunguzwe, kwa sababu hata nusu yake haikuwa nyumbani kwao. Asipolipa, ng'ombe atauzwa mnadani na pesa zikatwe deni. Kwa kiwele kile, hakuna mfugaji angemtaka. Wachinjaji ndio huja Ijumaa. Na Jumatatu, alipe asilipe, afike kortini na kitambulisho.

Akatia kidole gumba, ingawa anajua kuandika. Dennis alikuwa amekwisha kumsogezea wino.

*

Nje, Kevin alikwenda kuwasha pikapu. Mzee Kiptoo alibaki nyuma, akamkaribia Jeruto.

"Mama Cynthia, wewe unaelewa," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi kwa umri huu siwezi korti."

Jeruto akasema anaelewa.

"Msalimie Wilson sana."

"Nitamsalimia."

Alidhani mzee amemaliza. Mzee akavaa kofia, akapiga hatua, akarudi.

"Na ndama?"

"Ako nyumbani."

"Kevin atapitia kesho amchukue. Hiyo sasa ni yetu, unajua."

Jeruto alimtazama usoni akitafuta aibu. Ilikuwepo, lakini kidogo, haikutosha kumzuia. Angeweza kumwambia kwamba mwenye mama ndiye mwenye mtoto, na kwamba yeye mwenyewe amesema mbele ya serikali mama ni wa nani. Alikuwa na haki hiyo. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyesema uongo mchana huo huo kwa ajili ya rika la mumewe hawezi tena jioni kuanza kuligombanisha.

"Sawa, Mzee," akasema.

Aliingia njia ya nyuma ya soko ili asikutane na watu wanaomjua, akatembea mpaka Munyaka.

*

Wilson alikuwa ameketishwa na mito. Alikuwa amemwambia Cynthia amchane nywele, kwa kuwa alidhani Kiptoo angepitia kumwona. Alitazama mlangoni, nyuma ya Jeruto, kuona kama kuna mtu mwingine anaingia.

"Hakuja?"

"Alikuja. Alikuwa na haraka, amekusalimia sana."

"Akasemaje?"

Cynthia alikuwa jikoni, akaja akasimama kizingitini. Alimwangalia mamake mara moja tu, akajua yote. Jeruto akafungua leso, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Alikuwa na muda wa kutosha kusema kitu kingine, na hakukipata.

"Alisema mbele ya watu wote," akasema. "Askari, ofisa, wote wakisikia. Alisema Chelel ni yetu. Kabisa."

Uso wa Wilson uliinuka upande mmoja, upande uliokuwa na nguvu. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, jinsi wagonjwa wa namna yake hulia bila kuweza kujizuia, na kila alipopata pumzi alisema, "Nilikuambia. Si nilikuambia?" Jeruto akasema ndiyo, alimwambia.

"Na ndama?" akauliza alipotulia.

"Kevin anakuja kumchukua kesho."

"Hiyo ni haki yao." Alisema pole pole, akilipa kila neno nafasi yake. "Mtu amekupatia ng'ombe mzima. Utamnyima ndama?"

Cynthia akarudi jikoni ghafla, wakasikia sufuria ikianguka. Alileta chai ya rangi, maana maziwa hayakuwepo, na zile pakiti za Najma zilikuwa zimekwishia kwa ndama. Jeruto akachukua kijiko akaanza kumnywesha mumewe. Wilson alimeza, akatabasamu, akasema chai ya mtu mwenye ng'ombe wake ni tamu hata bila maziwa.

"Analetwa lini?" akauliza.

Jeruto akampangusa kidevu chai ilipochuruzika.

"Ijumaa," akasema, akajaza kijiko kingine.